Mesoni: Chembe Iliyotabiriwa Kabla ya Kuonekana

Sogeeni karibu na redio, tuanze.

Kila kitu, hata jiwe la magofu ya Kaole, kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu pana kiini, na ndani ya kiini mna chembe ziitwazo protoni. Protoni husukumana, zinataka kutawanyika. Lakini kiini hakivunjiki. Ni nini basi kinachokifunga?

Bwana Hideki Yukawa wa Japani alitoa jibu mwaka 1935. Alisema kwamba chembe za kiini hurushiana chembe nyingine, na kurushiana huko ndiko kunakozifunga. Watazameni wachukuzi wakipakua jahazi. Chungwa hurushwa mbali. Gunia la chumvi je? Hilo hupokezwa mkono kwa mkono. Sasa, nguvu ya kiini haifiki mbali, huishia pale pale. Kwa hiyo, alisema Yukawa, chembe inayorushwa lazima iwe nzito. Akapiga hesabu, akapata uzito wa elektroni 200 hivi. Wala hakuna mtu aliyekuwa ameiona! Baadaye ikaitwa mesoni, yaani ya katikati, kwa kuwa yazidi elektroni kwa uzito lakini haifikii protoni.

Mwaka 1937 wataalamu wa Marekani walitangaza chembe itokayo angani yenye uzito wa kadiri hiyo. Watu wakadhani ndiyo. Lakini chembe ile ilipenya vitu vizito bila kunaswa na viini. Je, kamba isiyoshika ni kamba? Uzito ulilingana, tabia haikulingana. Ilikuwa chembe nyingine, nayo leo huitwa muoni. Fungueni viganja vyenu: muoni moja hivi hupita katika kila kiganja kila sekunde.

Mesoni ya Yukawa ni vigumu kuipata huku pwani. Hufa juu sana angani, na ikifa huzaa muoni. Ikabidi watu wapande milima. Bwana Cecil Powell wa Uingereza na wenzake, Lattes na Occhialini, walitumia vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Vingine viliwekwa mlimani Pic du Midi, Ufaransa. Vingine Lattes alivipeleka Chacaltaya, Bolivia, juu ya mita 5,000. Mwaka 1947 wakaiona: alama ya chembe inasimama, na pale iliposimama alama ya muoni inaanza. Uzito wake ni kama elektroni 270. Yukawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, na Powell mwaka 1950.

Sasa andikeni katika madaftari: mesoni, muoni. Kisha jibuni: kwa nini Bwana Lattes hakuviweka vioo vyake ufukweni?