Fahamu: Kukutwa na dawa za kulevya na kuhatarisha maisha New York

Dereva anayekimbiza gari ovyo New York akiwa na kokeini mfukoni anaweza kufunguliwa mashtaka mawili. Kukutwa na kiasi kidogo cha dawa hiyo ni kosa dogo. Kifungo hakizidi siku 364. La pili ni kuhatarisha maisha ya wengine kwa kutojali, na shtaka hili husimama hata kama hakuna aliyeumia. Ikithibitika kwamba hakujali kabisa uhai wa watu na hatari ilikuwa ya kifo, kifungo huweza kufika miaka 7.

Kwa nini siku 364 na si mwaka mzima? Jimbo liliipunguza siku hiyo moja mwaka 2019 ili makosa madogo yasiwe sababu ya wageni kufukuzwa nchini. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini kesi za dawa za kulevya ni nzito zaidi: kwa sheria ya shirikisho, hukumu moja tu inaweza kumfukuzisha hata mwenye kadi ya kijani, isipokuwa bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yake mwenyewe.

Ndugu uliye Marekani, usikiri kosa kabla ya kuzungumza na wakili anayeijua sheria ya uhamiaji.