Upande Uliofungwa: Siri ya Ubingwa wa Wanawake wa Japani

Julai 2012, wapenzi wa michezo duniani walikuwa wakiisubiri Olimpiki ya London. Wakati huohuo mji wa Sakai, jirani na Osaka, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya frizbi ya timu, mchezo ambao wachezaji wenyewe huuita altimeti. Fainali ya wanawake iliwakutanisha wenyeji Japani na Marekani, nchi ulikozaliwa mchezo huo, na Japani wakatwaa dhahabu. Mwezi uliofuata nchi hizohizo zilikutana Wembley katika fainali ya soka la wanawake ya Olimpiki. Marekani wakashinda 2-1, na hiyo ndiyo mechi ambayo wengi wanaikumbuka. Mimi narudi Sakai, kwa sababu ubingwa ule unaeleza vizuri sana kwa nini katika mchezo huu kimo na misuli havitoshi.

Kwanza uwanja. Urefu ni mita 100 na upana mita 37, yaani ni mwembamba sana ukilinganisha na wa soka. Kila mwisho una eneo la kufungia lenye kina cha mita 18. Wanacheza saba kwa saba, na kisahani cha plastiki kina uzito wa gramu 175. Ukidaka pasi ukiwa ndani ya eneo la kufungia la wapinzani, umepata pointi. Kisahani kikianguka, kikitoka nje au kikinaswa, kinakuwa cha wapinzani papo hapo, na waliokuwa wanashambulia wanageuka kuwa walinzi kabla hawajavuta pumzi. Siku hizi mechi huchezwa hadi pointi 15.

Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Yeyote aliyecheza netiboli shuleni ataielewa sheria hii mara moja: mguu mmoja unabaki chini, mwingine unazunguka. Tofauti ni kwamba netiboli inakupa sekunde tatu, na hapa unapewa kumi, tena anayezihesabu ni mpinzani wako mwenyewe. Mlinzi anasimama mbele yako akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akifika kumi kabla hujaachia, umekipoteza.

Mtazamaji mgeni hudhani presha iko kwenye kuhesabu. La hasha, presha iko mahali mlinzi anaposimama. Mkabaji mzuri hasimami katikati, anasimama upande mmoja. Tuseme ameziba upande wa kushoto wa mrushaji. Wenzake sita nyuma yake tayari wanajua kwamba pasi, kama itakuja, itapita kulia, kwa hiyo kila mmoja anamkaba mtu wake akiwa upande wa kulia. Hapo uwanja wa mita 37 umeminywa kwa kiasi kikubwa bila mtu yeyote kumgusa mwenzake. Wachezaji husema kuna upande wazi na upande uliofungwa, na ulinzi wote unategemea makubaliano hayo. Mlinzi mmoja akiruhusu pasi ipenye upande uliofungwa, wenzake wote sita wanajikuta wamesimama mahali pabaya kwa wakati mmoja. Ndiyo maana pasi ya mita tano kuelekea kushoto inaweza kuwa na madhara zaidi kuliko ya mita 40 kwenda mbele.

Kuna njia mbili za kuupenya upande huo, na zote mbili ni silaha za timu isiyo na warefu wengi.

Ya kwanza ni ufundi wa mkono. Urushaji ambao kila mtu anaujua ni ule wa kuuleta mkono kutoka upande wa pili wa mwili na kuachia, mgongo wa kiganja ukiwa mbele. Wa pili ndio unaomtenganisha mchezaji na mtalii wa ufukweni. Kidole cha shahada na cha kati vinabana ukingo wa ndani wa kisahani, dole gumba linakaa juu, kiwiko hakiendi mbali na mbavu, na nguvu yote inatoka kwenye kifundo cha mkono kinachofyatuka ghafla. Kisahani kinatoka chini, usawa wa goti, kikipita pembeni ya kiatu cha mlinzi kabla mkono wake haujashuka. Mzunguko ndio unaokifanya kitulie hewani. Bila mzunguko kitayumba na kuanguka, hata ukikirusha kwa nguvu namna gani. Na kikiinama upande mmoja, kitapinda kuelekea upande huohuo, hivyo mrushaji hodari anaweza kumzunguka mtu aliyesimama mbele yake. Hapa urefu wa mikono haukupi faida kubwa. Mazoezi ya kifundo cha mkono, maelfu kwa maelfu ya marudio, ndiyo yanayolipa.

Njia ya pili ni muda, na hapo Japani wamejijengea jina. Mkabaji anahitaji sekunde moja au mbili ili afike, asimame na kuuziba upande wake. Pasi ikitoka kabla hajatulia, upande uliofungwa haupo. Kwa hiyo anayedaka anaachia mara moja, anakimbia kwenda nafasi mpya, anarudishiwa, anaachia tena. Ulinzi unabaki unakimbiza kivuli. Wapenzi wa soka waliiona roho hiyohiyo kwa wanawake wa Japani waliotwaa Kombe la Dunia mwaka 2011 mbele ya Marekani: pasi fupi fupi na mwendo usiokatika. Dhidi ya wapinzani warefu, kurusha juu na kuombea mtu wako aruke zaidi ni kucheza bahati nasibu. Kukiweka chini na kukihamisha haraka ni hesabu.

Na waliopigiwa hesabu hiyo Sakai hawakuwa wanyonge. Enzi hizo Marekani ilipeleka klabu bingwa ya taifa badala ya kuteua kikosi, na upande wa wanawake ilikuja Fury ya San Francisco, watu waliozoeana kwa miaka. Mashindano yaliyofuata, London 2016, Marekani ilikuja na kikosi cha kuteuliwa na ikarudi na dhahabu.

Sasa jambo ambalo wasomaji wa soka hawaliamini hadi walione: fainali ile, kama mechi zote za mashindano haya, haikuwa na refa. Mchezaji akiona amefanyiwa madhambi anapaza sauti mwenyewe, na mchezo unasimama. Aliyetuhumiwa ana uchaguzi wa kukubali au kupinga. Akipinga, anagonganisha ngumi zake mbili mbele ya kifua, ishara inayoeleweka na Mjapani na Mmarekani bila mkalimani. Wasipoafikiana, kwa kawaida kisahani kinarudi kwa aliyekirusha na pasi inarudiwa. Wengi husifu uungwana hapa, nami nausifu, lakini uungwana peke yake usingedumu kwenye fainali ya dunia. Sheria imetungwa kwa akili: mabishano hayakupi pointi, yanawarudisha tu mlipokuwa. Kudanganya kunapoteza faida. Tena baada ya kila mechi timu hupeana alama za mwenendo, sifuri hadi nne katika vipengele vitano, kuanzia ujuzi wa sheria hadi namna ya kuzungumza na mpinzani. Ukifika mashindano makubwa hujui sheria, wapinzani wako wataandika.

Kinachonisikitisha ni uhaba wa majukwaa kwa timu za wanawake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikitambua rasmi chama cha dunia cha mchezo huu mwaka 2015, lakini kwenye Michezo ya Dunia, ambako umekuwamo tangu Akita 2001, wanashindana mchanganyiko tu, wanaume na wanawake katika timu moja. Mchanganyiko una raha yake, na hata vilabu vya Nairobi na Kampala huucheza hivyo. Lakini katika timu nyingi za namna hiyo wanaume ndio hukaa na kisahani na kupanga mashambulizi, wanawake wakitumwa kukimbia. Mwanamke anayetaka kuwa mpangaji wa mchezo katika ngazi ya taifa anasubiri mashindano ya dunia, ambayo huja kila baada ya miaka minne.

Picha za video za mechi hizi zinapatikana. Ukiitazama mojawapo, kwa dakika chache za mwanzo achana na kisahani. Mtafute mlinzi aliyesimama mbele ya mrushaji, uone ameziba upande gani, halafu watazame wenzake nyuma walivyojipanga. Hesabu pamoja naye. Ukiona kisahani kinaondoka akiwa bado kwenye mbili, na kinaondokea upande aliouziba, jua pointi inakaribia.