Injini za Turbo Zinazokosa Kuwaka chini ya Mzigo: Misingi ya Uchunguzi kwa Gereji za Jinja na Mbale

Utangulizi

Barabara ya Jinja–Iganga ni sehemu ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ambayo malori hupitisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala na nchi zilizo mbele yake. Dereva wa gari dogo anayetaka kulipita lori katika barabara hiyo hukanyaga mafuta hadi mwisho na kuitegemea turbo impe nguvu kwa sekunde chache. Iwapo katika sekunde hizo silinda moja au mbili zitakosa kuwaka, gari hutikisika, nguvu hupotea, na dereva hubaki katika upande usio wake. Afikapo gereji, injini hunguruma kwa utulivu kana kwamba haijawahi kuugua. Ubadilishaji wa spea kwa kubahatisha huanzia hapo.

Makala haya yanafafanua kwa nini hitilafu hiyo haionekani gari likiwa limesimama, na yanadai kuwa wakati na namna inavyojitokeza barabarani ndio ushahidi wa kwanza ambao fundi anapaswa kuutafuta, kabla hata ya kufungua boneti.

Neno moja, hitilafu nyingi

Katika gereji za Afrika Mashariki, tatizo hili huelezwa kwa kauli moja: gari linamisi. Kauli hiyo ni fupi na inaeleweka, lakini inabeba mambo yasiyofanana. Kuna cheche isiyoruka. Kuna mchanganyiko usiowaka kwa kuwa petroli imepungua au imezidi. Kuna pia kompyuta inayokata petroli kwa makusudi ili kuilinda injini, jambo ambalo si ugonjwa wa uwashaji hata kidogo. Dereva huhisi mtikisiko uleule. Tiba ni tofauti kabisa.

Cheche ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na sababu yake ni ya kifizikia. Volteji inayohitajika ili cheche ivuke mwanya wa plagi huongezeka kadiri kanieneo ndani ya silinda inavyoongezeka na kadiri mwanya unavyopanuka. Turbo huongeza kanieneo. Matumizi ya muda mrefu hula ncha za plagi na kuupanua mwanya. Injini ikiwa katika silensa, koili iliyochoka bado inamudu. Turbo inapofikia kilele chake, volteji inayotakiwa huzidi uwezo wa koili, na umeme hutafuta njia nyepesi: hupenya mpira wa plagi uliopasuka na kuishia kwenye chuma cha injini. Mara nyingi huacha alama nyeusi nyembamba juu ya kauri ya plagi. Fundi anayeing’oa plagi na kuitazama kwa makini amekwisha kupata nusu ya jibu. Katika Subaru Forester yenye turbo, plagi zimelala ubavuni mwa injini, na kuzifikia kunahitaji kuondoa betri na vitu vingine kwanza. Pengine ndiyo maana huachwa ziangaliwe mwisho, ilhali zilistahili kuwa za kwanza.

Petroli ina tabia nyingine. Ili nozeli itoe kiasi sahihi, kanieneo ya petroli lazima ipande sawasawa na ile ya turbo. Maana yake ni kwamba pampu inatakiwa kusukuma petroli nyingi zaidi dhidi ya upinzani mkubwa zaidi kwa wakati uleule. Pampu dhaifu au kichujio kilichoziba hukidhi mahitaji ya mwanzo, kisha hushindwa mzigo unapoendelea. Kipimo cha kanieneo kilichofungwa gari likiwa limesimama hakitoi jibu. Kinapaswa kusomwa gari likiwa safarini, na msomaji asiwe dereva.

Hapa tofauti ya mazingira ya miji hii miwili ina manufaa. Miinuko yao inakaribiana, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa wanayoanza nayo ni ileile. Mzigo ndio unaotofautiana. Kulipita lori karibu na Jinja ni mzigo wa ghafla na mfupi, ambao huifichua cheche dhaifu papo hapo. Kupanda kutoka Mbale kuelekea Kapchorwa, katika miteremko ya Mlima Elgon, ni mzigo wa muda mrefu, na ndio unaozifichua pampu iliyochoka na koili inayoshindwa ikipata joto. Swali la fundi kwa mteja, basi, lisiwe tu kama gari linamisi, bali lilianza sekunde ile ile ya kukanyaga mafuta au baada ya kupanda kwa muda.

Hewa inayovuja nayo huwadanganya wengi. Pale ambapo kihisi hupima hewa kabla haijaingia kwenye turbo, mpira uliochanika baada ya turbo hutoa nje hewa ambayo tayari imehesabiwa. Kompyuta hunyunyiza petroli kwa hewa isiyokuwapo, moshi mweusi hutoka, na mchanganyiko uliozidi petroli hukataa kuwaka. Injini ikiwa katika silensa, kanieneo ndani ya mipira hiyo inakaribia kulingana na ya nje, kwa hiyo hakuna mlio wa kusikiliza. Njia rahisi ni kuzima injini, kujaza mipira hewa ya kompresa kwa kiasi, kisha kupaka maji ya sabuni na kutafuta mapovu.

Kasoro ya mashine ya kusoma kodi

Kompyuta hutambua silinda isiyowaka kwa kupima mabadiliko madogo ya mwendo wa krankishafti. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda husika, na P0300 huashiria hitilafu isiyotulia katika silinda moja maalumu, bali hutokea ovyo au katika silinda zaidi ya moja. Kodi ikitaja silinda ya 3, koili yake huhamishiwa silinda ya 1 na gari hujaribiwa tena barabarani. Kodi ikihama, koili imekiri. Jaribio hilo halihitaji spea hata moja.

Tatizo ni kwamba si kila gari huzungumza na mashine hiyo. Marekani ilizilazimisha gari mpya kufuata mfumo sanifu wa uchunguzi tangu 1996, lakini gari zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani kabla ya kanuni zilizoanza 2008 hazikubanwa kwa kiwango hicho. Soketi inaweza kufanana huku lugha iliyomo ikiwa ya kiwanda pekee. Sheria ya Uganda ya Usalama Barabarani (Marekebisho) ya 2018 ilizuia kuingizwa kwa gari zenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kigezo chake ni umri. Gari zilizokuwa zimekwisha kuingia zilibaki barabarani, na suala la kama gereji ya Mbale inaweza kusoma kumbukumbu zake halikuwa sehemu ya kigezo hicho.

Ucheleweshaji una gharama ya mnyororo. Petroli isiyowaka huungua ndani ya kisafisha moshi na kukiyeyusha. Kisafisha moshi kilichoziba huondolewa. Ekzosi iliyo wazi huiruhusu turbo kupita kikomo chake. Kisha kompyuta hukata petroli. Dereva hurudi gereji akilalamika kwa maneno yaleyale, ingawa hitilafu ya awali haipo tena.

Mapendekezo mawili yanatokana na hayo. Ukaguzi wa gari zenye turbo, uwe wa kabla ya kuingizwa nchini au wa barabarani, ujumuishe jaribio chini ya mzigo pamoja na usomaji wa kodi kwa mashine inayoelewa lugha ya gari husika. Pili, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mitaala ya ufundi ina nafasi ya kutenganisha istilahi mapema: kukosa cheche, kupungukiwa petroli, kuzidi petroli, na kukatwa petroli. Mwanagenzi akijifunza kuandika mojawapo ya hizo kwenye kadi ya kazi badala ya “misi”, fundi atakayelipokea gari hilo mwezi ujao atajua pa kuanzia.