Kupima usalama wa kampuni za TEHAMA bonde la Kilombero

Kampuni inayohudumia kompyuta za wengine hubeba hatari yake na ya wateja wake wote. Mhalifu akipata nywila za fundi anayehudumia ofisi ishirini, ameingia ofisi zote ishirini.

Kuanzia Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, hadi Ifakara mjini, vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa (AMCOS), vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), zahanati na nyumba za wageni hutunza majina, namba za simu na malipo ya watu. Ofisi ndogo za namna hii kwa kawaida hazina mtaalamu wao. Hutafuta kampuni ya nje, na bei ndiyo huamua. Bei haioneshi hatari.

Oktoba 2020 nchini Uganda, MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilisitisha miamala kati ya benki na simu baada ya tatizo la kiusalama kwenye mfumo wa mtoa huduma wa nje. Julai 2021, wahalifu walishambulia kupitia programu ya Kaseya ya Marekani, inayotumiwa na kampuni za TEHAMA kusimamia kompyuta za wateja kwa mbali. Biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Nchini Sweden mamia ya maduka ya Coop yalifungwa kwa kuwa mashine za malipo ziligoma.

Kampuni kubwa huwa na watu wa kulinda mifumo usiku na mchana, lakini huwavutia wahalifu zaidi. Fundi wa mjini hufika haraka, ila siri zote huweza kukaa kwenye simu yake moja. Alama za usalama wa mtandao zinazotolewa na kampuni kama BitSight hupima hasa yanayoonekana kupitia intaneti. Daftari la nywila lililoachwa mezani haliingii humo.

Hivyo kampuni zilinganishwe kwa maswali yaleyale. Nani anaingia kwenye mfumo, na kila mtu ana nywila yake? Kuingia kunahitaji uthibitisho wa pili? Nakala rudufu hukaa nje ya mtandao, na lini zilijaribiwa kurejeshwa? Fundi akiacha kazi, ruhusa yake hufutwa siku hiyohiyo?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na muda wa kumjulisha mteja mfumo ukivamiwa. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humgusa anayekusanya taarifa na anayezichakata. Chama kinachoajiri kampuni bado kina wajibu kwa wanachama wake.