Kutoka jahazi hadi bato: maneno ya safari ndefu na Kiswahili cha Goma

Jina la jimbo letu, Kivu ya Kaskazini, limebeba ndani yake jina la upepo wa baharini. Kaskazi ni upepo unaovuma katika Bahari ya Hindi kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ukisukuma vyombo vya tanga kutoka Uarabuni na India kuja Afrika Mashariki. Kusi huvuma baadaye, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kuvirudisha. Ulikotoka kaskazi pakaitwa kaskazini. Ulikotoka kusi pakaitwa kusini. Mtu wa Himbi ambaye hajawahi kuona bahari hutaja pepo hizo kila anapoeleza anakoishi. Lakini mtu huyo huyo akishuka ziwani, hapandi jahazi wala dau. Anapanda bato, linaloendeshwa na motere, na akiwa na bahati anapewa jile. Kwa nini maneno mengine ya wasafiri wa bahari yalifika huku, na mengine yakabaki pwani?

Tuanze na safari yenyewe. Jahazi la biashara halikuwa chombo cha kuvukia tu. Lilikuwa nyumba kwa miezi. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda chombo cha Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, akafika nacho Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti za mikoko, kisha akarudi nacho Kuwait mwaka 1939. Watu walilala juu ya sitaha, wakapika humo humo, wakauguzana na kufanya biashara humo humo. Maisha ya namna hiyo huzaa msamiati mnene, kwa sababu kila pembe ya chombo ina kazi na kila kazi ina mwenyewe. Nahodha ndiye mkuu, serahangi husimamia mabaharia. Sehemu ya nyuma ni shetri. Mti unaobeba tanga ni foromali. Upande unaopokea upepo ni joshi, na upande wa pili ni demani. Maji yanayojikusanya chini ya chombo ni ngama. Mwanaanthropolojia Mholanzi A. H. J. Prins alikitolea kitabu kizima mwaka 1965 utamaduni huo wa vyombo vya Lamu.

Asili ya maneno hayo inaonyesha ni nani walioishi pamoja chomboni. Nahodha, serahangi, nanga na bandari ni ya Kiajemi. Usukani, rubani, sitaha na abiria ni ya Kiarabu. Kutweka, kupwa na kujaa ni maneno yetu ya Kibantu.

Kiswahili kilifika Kongo kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ilipita Ujiji na Manyema. Baadaye zikaja kambi za askari, migodi na misheni. Katika safari hiyo yalipona maneno yaliyoweza kuishi bila chombo. Abiria leo yumo ndani ya basi. Rubani, aliyekuwa mwongoza meli, katika Kiswahili sanifu anarusha ndege. Usukani umeingia kwenye gari, na nahodha wa Dar es Salaam anaongoza timu ya mpira. Kaskazi na kusi zilisalia kwa kuwa zilishageuka kuwa pande za dunia. Foromali, joshi na ngama hazikuwa na pa kushika.

Hata neno pwani lina shida huku. Linatokana na kupwa, yaani maji kurudi nyuma baada ya kujaa. Ziwa Kivu halipwi wala halijai kwa namna ambayo jicho linaweza kuiona. Ndiyo maana kwetu tunasema kando ya ziwa.

Tena, ziwa letu halina safari ndefu. Mto Ruzizi, unaotoa maji yake kwenda Tanganyika, una maporomoko na mabwawa ya umeme. Hakuna chombo kinachoupita. Kati ya Goma na Bukavu, kanoti ya mbio huchukua saa chache, na bato kubwa hulala safarini usiku mmoja. Abiria hahitaji jina la kila ubao wa chombo atakachokiacha kesho asubuhi.

Wapo hata leo wanaoishi chomboni kwa miezi bila tanga. Mmarekani Robert Beebe alijengewa boti yake, Passagemaker, huko Singapore mwaka 1963, akavuka nayo Bahari ya Hindi hadi Ugiriki. Boti za aina hiyo huitwa yoti za trola, kwa kuwa umbo lake linafuata boti za uvuvi zinazokokota nyavu. Mwendo wake ni wa polepole, mashine ni ya dizeli, matangi ni makubwa, na uzito umewekwa chini ili mawimbi yasiipindue. Nahodha wa jahazi angeielewa mara moja kanuni hiyo ya mwisho. Yeye uzito huo wa chini anauita farumi.

Neno hilo, farumi, halijulikani Goma, lakini jambo lenyewe linatuhusu sana. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku wakati ilikuwa inakaribia kufika. Makumi ya watu walikufa. Taarifa za siku zile zilisema ilikuwa imejaa kupita kiasi. Chombo kilichobeba watu na magunia mengi juu, na uzito mdogo chini, hupinduka kwa urahisi. Mabaharia wa pwani waliifunga elimu hiyo ndani ya neno moja, wakalirithisha.

Je, tulirudishe neno hilo? Wengi wetu kitivoni tungependa kusahihisha bato liwe meli, na jile liwe jaketi la kuokolea maisha. Naona kwamba bandarini huo ungekuwa usahihi wenye hatari. Mama anayepanda na kapu lake la sambaza anajua jile ni nini. Ukimtajia jaketi la kuokolea maisha, huenda akafikiri unazungumza juu ya nguo. Maneno yaliyozaliwa ziwani yaachwe yafanye kazi yake. Pale ambapo hakuna neno, kama kwa farumi, tueleze jambo lenyewe kwa maneno ya kila siku: mzigo mzito ukae chini, watu wasirundikane juu, na bato likishajaa, anayebaki asubiri lingine. Wakilizoea jambo, watu wa Kituku watalipa jina wenyewe, kama walivyofanya mabaharia wa Lamu.