Mti wa mtaani ukianguka, gogo ni la nani?

Kila msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, upepo na mvua huangusha miti mjini Mombasa. Mingine huondolewa kwa sababu imeoza ndani, imeelemea nyaya za umeme, au imesimama panapopita barabara na mitaro mipya. Mara nyingi mambo huenda hivi: mwembe mkongwe huanguka usiku, asubuhi barabara hufunguliwa, na kufikia magharibi matawi yamekuwa kuni na shina limekatwa vipande vya futi moja moja.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Gogo la futi moja halina kazi nyingine ila kuchomwa. Hakuna seremala anayeweza kutoa ubao wa benchi humo. Lakini gogo lile lile likiachwa na urefu wa futi 8, na upana wa sentimita 50 kutoka ukingo hadi ukingo, linaweza kutoa takriban mbao 12 za inchi 8 kwa inchi 1, hata tukikadiria kwamba theluthi mbili nzima zitapotea kama maganda, vumbi na vipande. Hizo ni mbao za madawati, rafu au milango.

Kuna jambo la hewa pia. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukiuchoma, kaboni hiyo hurudi hewani mara moja. Ukiwa meza, hubaki ndani ya meza kwa muda wote meza hiyo itakapodumu.

Mti gani unafaa nini?

Mwarobaini ni wa jamii moja na mkangazi. Mbao zake ni ngumu na wadudu hawazipendi, hivyo zinafaa milango, makabati na viti. Wachongaji wa vinyago wa Changamwe wanaujua vizuri: mpingo na muhuhu ulipoadimika, wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda.

Mwembe hupasuka kwa urahisi na una mistari ya kupendeza, na wavuvi wa Pwani wamechonga mitumbwi kwa magogo yake tangu zamani. Udhaifu wake ni kwamba ukiachwa chini hushikwa haraka na kuvu na wadudu. Upasuliwe mapema na upakwe dawa ya mbao.

Mkungu hutoa mbao nyekundu zinazofaa samani za ndani. Mvinje ni mzito na hupasuka nyufa unapokauka, kwa hiyo ni bora ubaki nguzo au boriti. Mnazi mzee ni mgumu upande wa nje na laini katikati. Seremala hutumia sehemu ya nje. Mbuyu hauna mbao kabisa, kwani shina lake ni kama sifongo.

Matawi madogo nayo yana kazi. Yakisagwa na kutandazwa chini ya miche, huzuia maji yasikauke upesi, badala ya kubebwa na lori hadi jaa la Mwakirunge.

Msumari mmoja, hasara ya mti mzima

Tazama mti wowote ulio karibu na kituo cha matatu. Utakuta vibao vya mganga, fundi wa mabomba na vyumba vya kupangisha. Kibao huanguka baada ya miezi michache, lakini msumari hubaki, na mti huendelea kunenepa hadi ukaumeza. Miaka 20 baadaye msumeno hukutana nao ndani ya shina. Meno huvunjika na anayepasua huweza kujeruhiwa. Ndiyo sababu wenye mashine za kupasulia mbao wengi hawataki magogo ya mjini.

Kabla ya kupasua, kagua gogo kwa kifaa cha kutambua chuma. Kama hakipo, toa maganda na utafute madoa meusi au ya buluu kwenye mbao, kwa kuwa chuma kikishika kutu huacha alama hiyo. Na kama wewe ndiye mwenye tangazo, usilipigilie kwenye mti.

Kukausha ni nusu ya kazi

Mbao mbichi ikitengenezwa meza leo, mwezi ujao meza hiyo itapinda. Mara gogo linapoangushwa, paka rangi ya mafuta kwenye ncha zake mbili ili zisikauke haraka na kupasuka. Ukishapasua, panga mbao juu ya matofali, mbali na mchwa, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu ili hewa ipite. Funika juu, lakini usifunike pembeni. Kanuni ya mafundi ni takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Gogo ni la nani?

Swali hili huzua ugomvi mitaani, na jibu linategemea mti ulikuwa umesimama wapi. Mti ulio kwenye kiwanja chako ni wako, ingawa kuukata kunahitaji kibali. Mti ulio kando ya barabara ya kaunti, kwenye bustani ya umma au katika uwanja wa taasisi ya umma ni mali ya umma, hata ukiwa umelala chini. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka za barabara za serikali ya kitaifa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaeleza jinsi mali ya umma inavyoondolewa: kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kuuzwa kwa zabuni, au kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Mfanyakazi wa kaunti hawezi kujigawia gogo, na mwenye msumeno hawezi kulichukua kama ujira wake bila karatasi. Njia ya kwanza ndiyo yenye manufaa ya karibu zaidi: gogo zuri linaweza kupelekwa kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, wanafunzi wakajifunza kupasua na kuunga mbao, na madawati yakaenda shule ya chekechea ya umma. Vyuo hivyo na elimu ya chekechea vyote ni majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba.

Ukinunua gogo kihalali, omba risiti. Kabla ya kulisafirisha, pata kibali cha usafirishaji kutoka Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS), la sivyo utasimamishwa njiani.

Unachoweza kufanya

Mti ukianguka, usiukaribie kama umegusa nyaya za umeme. Ripoti kwa Kenya Power kwanza, kisha kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Waambie wanaokata waliache shina refu, futi 8 au zaidi, pale inapowezekana bila hatari. Ukiona gogo la umma likipakiwa kwenye gari usiku, ripoti pia.

Jambo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Thamani ya mbao isiwe kisingizio cha kuukata mti wenye afya. Nchi imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mwarobaini unaotoa kivuli sokoni leo haulipwi na mche wa mwezi mmoja. Mti mzima tuutunze. Ukilazimika kuondoka, tupande mwingine na tusiuchome uliokwenda.