The Blackening: Nilicheka, Kisha Nikanyamaza

Kama umezoea filamu za kutisha za Marekani, sheria unaijua: mtu mweusi hufa wa kwanza. Sasa je, kama wote ni weusi? Hapo ndipo inapoanzia The Blackening ya Tim Story, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2023. Marafiki wanakutana kwenye nyumba ya msituni kusherehekea Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa Marekani. Muuaji anawanasa humo na kuwalazimisha wacheze mchezo wa maswali. Ukikosea, unalipa.

Utacheka, hilo nakuhakikishia. Wahusika wenyewe wanazijua sheria za filamu hizi na wanazikejeli huku wakikimbia. Na sisi wa Lunga Lunga ucheshi huo si mgeni kwetu. Ukikulia kwenye kibanda cha video, DJ Afro akitia maneno yake juu ya muvi, ushazoea kucheka huku mtu anachinjwa.

Lakini woga je? Haupo sana. Filamu ikikukonyeza kila dakika, moyo hauwahi kwenda mbio. Tena kuna vichekesho vya Kimarekani vinavyokupita tu, kama lile swali kuhusu waigizaji weusi waliotokea kwenye Friends. Ati nani huku alikuwa anawahesabu?

Halafu inafika ile sehemu. Muuaji anataka wamtoe mmoja wao, yule aliye mweusi kuliko wote. Ghafla marafiki wa miaka na miaka wanaanza kusukumiana kifo, kila mmoja na sababu zake. Ndiyo sehemu inayochekesha kuliko zote, na ndiyo iliyonikata kicheko.

Kwa sababu mchezo huo tunao. Hapa Kwale, na kwa majirani zetu Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi huwa nini? Mvi. Macho mekundu. Na mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analimezea mate. Wanaotajwa kuhusika, mara nyingi ni vijana kama mimi na wewe, hata jamaa wa damu.

Filamu inaligusa jambo hili, kisha inakimbilia kichekesho kingine. Hapo ndipo iliponikera.

Itazame hata hivyo, tena na wenzako, maana peke yako inapooza. Ila mkifika hapo pa kuchagua nani atolewe, angalia nani wa kwanza kunyoosha kidole, na anafaidika nini mwenzake akiondoka. Siku mkiwa barazani mtu aanze kumtaja babu wa watu, uliza vivyo hivyo.